Mgeni Aliyepewa Ufagio

Homilia ya Jumapili ya Wahamiaji na Wakimbizi





Leo ni Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Septemba. Mama Kanisa ametuwekea siku hii, ambayo chanzo chake ni mwaka 1914, ili tuwaombee wahamiaji na wakimbizi wote duniani. Kwa kawaida katika siku kama hii wahubiri huzungumza na wenyeji: mpokeeni mgeni, mpeni maji, mwonyesheni mahali pa kulala. Maneno hayo ni ya kweli, wala hayachakai. Lakini leo tungependa kuzungumza na mgeni mwenyewe. Mtu aliyehamia nchi ya mbali, akapanga chumba katika mtaa asioujua, kati ya watu wasioweza hata kulitamka jina lake, afanye nini ili mahali hapo pawe kwake? Je, Neno la Mungu lina la kumwambia yeye, au linasema na wenyeji peke yao?

Swali hili si la watu wachache. Ni parokia gani leo isiyo na mtoto wake ughaibuni? Yuko muuguzi, yuko mwanafunzi, yuko mtawa, yuko aliyeolewa huko. Sisi wenyewe tulitumwa na Askofu wetu kufanya utume kwa miaka kadhaa kusini mwa Ujerumani, katika eneo la mji wa Stuttgart. Mengi tutakayosema leo tuliyaona huko, tulipokuwa tukiwatembelea ndugu zetu majumbani mwao.

Tuanze na Maandiko Matakatifu. Mwaka 597 kabla ya Kristo, mfalme wa Babeli aliuteka Yerusalemu, akamchukua mfalme Yekonia pamoja na wakuu, mafundi na wahunzi, akawapeleka uhamishoni. Huko Babeli swali lao lilikuwa moja tu: ni lini tutarudi? Ndipo aliposimama hekaluni nabii mmoja jina lake Hanania, mwana wa Azuri, akatangaza kwamba baada ya miaka miwili wote watarudi. Habari tamu kama asali! Na kama ni miaka miwili tu, ni nani atakayejisumbua kujenga nyumba? Ni nani atakayepanda mti ambao matunda yake ataliwa na mwingine?

Lakini Yeremia, nabii wa kweli, aliwaandikia wahamishwa barua tunayoisoma katika sura ya 29 ya kitabu chake. Aliwaambia wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula mazao yake, waoe na kuozesha. Tena wautafute usitawi wa mji ule waliopelekwa na kuuombea kwa Mungu, kwa kuwa ukistawi huo, wao nao watastawi. Muda nao akautaja: miaka 70. Maana yake ni kwamba wengi walioisikia barua hiyo wangezikwa huko huko Babeli.

Tuangalie vizuri, ndugu wapendwa. Hanania hakuwafundisha watu kuabudu sanamu. Uongo wake ulikuwa mwepesi zaidi, na kwa hiyo wa hatari zaidi: aliwafundisha kukaa juu ya masanduku yaliyofungwa.

Hanania huyo bado anahubiri. Tuliingia katika vyumba vingi vya ndugu zetu, tukaliona sanduku la safari juu ya kabati, limejaa nguo. Tukiuliza, jibu ni lile lile: “Miaka miwili tu, Padre. Nikishaezeka ile nyumba kule nyumbani, narudi.” Aliyesema hivyo alikuwa na mwaka mmoja, na aliyekuwa na mwaka wa kumi na nne naye alisema hivyo hivyo. Lugha ya wenyeji ameijua ile tu ya kazini. Dirisha halina pazia. Jirani wa mlango wa pili hajui anaitwa nani. Kule kijijini nyumba imekwisha, nzuri, ya bati jekundu, wala hakuna anayelala ndani yake. Na huku ughaibuni chumba anacholala hakijawahi kuwa nyumba.

Nchi ya Ujerumani yenyewe iliwahi kupiga hesabu ya Hanania. Kuanzia mwaka 1955, ilipotiliana mkataba na Italia, hadi mwaka 1973, watu wapatao milioni 14 waliingia huko kufanya kazi viwandani na migodini, wakitoka Italia, Hispania, Ugiriki, Uturuki, Ureno na Yugoslavia ya wakati ule. Waliitwa “wafanyakazi wageni”. Wenyeji waliamini kwamba hao ni wapitaji. Wageni nao wakaamini vivyo hivyo. Ni kweli, wapatao milioni 11 walirudi kwao. Lakini mamilioni walibaki, wakazaa, wakazeeka. Na kwa kuwa pande zote mbili zilidhani ni jambo la muda, wengi hawakufundishwa lugha wala hawakujifunza. Leo wako wajukuu wanaowakalimania babu zao mbele ya daktari.

Basi fundisho la kwanza ni hili: fungua sanduku. Tundika pazia. Andika jina lako kwenye kengele ya mlango na kwenye sanduku la barua, maana huko Ujerumani asiyeandika jina hata barua hazimfikii. Jiandikishe katika ofisi ya mji ndani ya majuma mawili, kama sheria yao inavyotaka. Hakuna aliyezuiwa kurudi kwao kwa sababu alitundika pazia. Wayahudi waliorudi Yerusalemu walitoka katika zile nyumba walizojenga na bustani walizopanda.

Tuje sasa kwenye fundisho la pili. Katika sehemu zile za Stuttgart kuna desturi ya zamani iitwayo Kehrwoche, yaani juma la kufagia. Katika nyumba ya ghorofa yenye wapangaji wengi, kila familia ina zamu yake ya kufagia ngazi na njia ya mbele ya nyumba, na wakati wa baridi kuondoa theluji. Ubao mdogo hutundikwa kwenye mlango wa mwenye zamu. Juma likiisha, ubao huhamia mlango wa pili.

Alikuwako muuguzi mmoja kutoka kwetu, binti mchapa kazi, aliyepanga katika nyumba ya namna hiyo. Siku moja alikuja kwetu machozi yakimlengalenga. “Padre,” alisema, “wamenifanya mtumishi wao. Nimetoka kazini usiku, nakuta wamenitundikia kibao cha kufagia mlangoni. Ni kwa sababu ya rangi yangu.” Hatukumkatalia, maana mambo ya namna hiyo yapo. Tulimwomba tu, kabla hajaandika barua kwa mwenye nyumba, ashuke akamwulize yule bibi mjane wa ghorofa ya chini, aliyekaa pale kuliko wote.

Bibi yule hakusema mengi. Alimletea karatasi yenye majina ya familia zote nane, pamoja na jina la daktari wa ghorofa ya tatu, na jina lake yeye bibi mwenyewe, na umri wake ule. Kisha akamweleza kwamba mwanafunzi aliyekaa chumba kile kabla yake hakuwahi kupewa ubao, kwa sababu alikuja kwa miezi minne tu. Anayepita hapewi ubao. Anayepewa ubao ni mtu wa nyumba.

Ndugu wapendwa, je, sisi hatulijui neno hilo? Wahenga wetu hawakusema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Mara nyingi tunaitumia methali hiyo kama kumchoka mgeni. Lakini itazameni tena. Siku mbili za kwanza mgeni hukalishwa kwenye kiti, hupewa kuku, wala hakuna anayemwomba shauri lolote. Siku ya tatu anapewa jembe. Maana yake, tangu leo shamba hili linakuhusu, na chakula cha chungu hiki ni chako kwa haki, si kwa huruma. Ufagio wa Stuttgart na jembe la wahenga wetu ni kitu kimoja. Anayetaka kukaa siku zote kwenye kiti cha mgeni asishangae akibaki mgeni siku zote.

Kwa hiyo wewe uliye ughaibuni, usingoje kwanza upendwe ndipo ushiriki mzigo wa mtaa. Jua siku ya kutoa taka, na taka ipi iingie pipa lipi. Jua saa za ukimya: huko kwa kawaida ni kuanzia saa nne za usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na Jumapili kutwa nzima hakuna kupiga nyundo. Mambo haya ni madogo, lakini ni lugha; kwa hayo jirani husoma kama unamheshimu. Nawe usione haya kuwa wa kwanza kusalimu. Huko kusini mwa Ujerumani wazee bado husalimiana kwa maneno Grüß Gott, yaani, Mungu akusalimu. Mkristo atashindwaje kuitikia salamu kama hiyo?

Fundisho la tatu tunalipata katika Injili ya Luka, sura ya 10. Mwanasheria alimwuliza Yesu: jirani yangu ni nani? Yesu akamsimulia habari za mtu aliyeangukia mikononi mwa wanyang’anyi, kisha akaligeuza swali: ni nani kati ya wale watatu aliyejionyesha kuwa jirani? Kuhani na Mlawi walikuwa wenyeji, njia ile ilikuwa ya kwao. Aliyesimama ni Msamaria, mgeni, mtu asiyependwa. Basi katika mfano ule mgeni siye anayeokotwa njiani. Mgeni ndiye anayeokota!

Yule muuguzi alilipokea lile juma la kufagia, na kwa njia hiyo akafahamiana na yule bibi. Wakaanza kupeana salamu, baadaye keki, baadaye maneno mapya ya Kijerumani. Ikafika zamu ya bibi, wakati wa baridi. Muuguzi akirudi asubuhi kutoka kazi ya usiku, aliona ubao unaning’inia mlangoni kwa bibi, lakini ngazi hazijafagiwa na theluji iko pale pale. Vifuniko vya madirisha vilikuwa bado vimeshushwa. Watu wengine walikuwa wamekwisha kupita pale asubuhi ile, kila mmoja akiwahi kazini kwake, hatuwalaumu. Lakini yeye alijua kwamba bibi yule hajawahi kukosa zamu. Akabonyeza kengele, kimya. Akatega sikio mlangoni, akasikia mlio hafifu kama wa kijiko kikigonga sakafu. Akapiga simu 112, namba ya dharura ya huko, akaeleza kwa lugha ileile aliyofundishwa na bibi. Wazima moto walipoufungua mlango walimkuta amelala jikoni tangu jioni ya jana yake, nyonga imevunjika. Watoto wake walikuwa Hamburg, mbali sana. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Bibi yule alipona.

Twaulizwa na Bwana: ni nani aliyekuwa jirani? Wahenga wetu nao walikwisha kujibu: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hapa tusidanganyane. Si kila mlango hufunguliwa. Wako wenye nyumba wanaosema chumba kimekwisha kupangwa, mara tu wanaposikia lafudhi. Wako watoto wetu wanaotukanwa ndani ya basi. Huo ni ubaguzi, nao ni dhambi mbele za Mungu, hata ukitendwa kwa adabu. Lakini tumtazame Abrahamu, baba yetu katika imani. Mungu alikuwa amemwahidia nchi nzima. Na Sara alipofariki, Abrahamu hakuwa na hata mahali pa kumzika. Alisimama mbele ya wana wa Hethi, akakiri kwamba yeye ni mgeni kati yao, akainama kwa heshima, kisha akalinunua shamba la Makpela kwa shekeli 400 za fedha, bei kamili. Hakujidhalilisha, wala hakuwachukia. Nasi tuseme hivyo: mlango mmoja ukifungwa, usiuhesabu kuwa ni mtaa mzima. Bisha hodi mlango wa pili.

Pengine mzazi fulani anatusikiliza na kuingiwa na hofu: “Padre, mwanangu akizoea huko, si atapotea?” Mama, baba, hofu yako ina haki. Mwacha asili ni mtumwa. Lakini kuzoea si kupotea. Danieli alijifunza lugha ya Wakaldayo, akapewa jina la huko, akaitumikia serikali ya Babeli kwa uaminifu. Hata hivyo mara tatu kila siku alipiga magoti, madirisha ya chumba chake yakielekea Yerusalemu. Madirisha kuelekea Yerusalemu, miguu ikienda kazini Babeli: huyo ndiye mhamiaji mwenye imani.

Na kwa kuwa makatekista wanatusikiliza, tuwape jambo moja la kuwaeleza wanaosafiri. Huko Ujerumani mtu anapojiandikisha huulizwa dini yake. Mkatoliki anayelipa kodi ya mapato hukatwa pia kodi ya Kanisa, asilimia 8 au 9 ya ile kodi, kutegemea jimbo la nchi. Wengine hudanganywa na wenzao waende kutangaza mbele ya ofisi ya serikali kwamba wametoka Kanisani, ili wasikatwe, huku moyoni wakisema wao ni Wakatoliki kama zamani. Wajue kwamba maaskofu wa nchi ile waliamuru mwaka 2012 kwamba anayefanya hivyo hawezi kupokea sakramenti, isipokuwa katika hatari ya kifo. Heri ajue hayo kabla hajatia sahihi. Hata hili ni ufagio: nyumba ya Mungu ya huko nayo ina zamu zake.

Sisi tuliobaki nyumbani tuna sehemu yetu. Mara ngapi tumempigia simu ndugu yetu aliye mbali, swali letu likawa moja tu: “Umetuma?” Tumemfanya awe kisima cha fedha, halafu tunashangaa kwamba amekauka. Jumapili hii tumwulize swali jingine: “Jirani yako anaitwa nani?” Akishindwa kujibu, tujue kwamba ndugu yetu yu peke yake, hata kama anatuma kila mwezi.

Tena tukumbuke kwamba wageni wako kwetu pia. Mwaka 1972 ndugu zetu wa Burundi walikimbilia nchini Tanzania kwa maelfu, wakakaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Hao walipewa jembe kweli kweli: waligawiwa mashamba, wakafyeka pori, wakalima, wakajilisha wenyewe na kuuza ziada. Miongo minne baadaye, wapatao 162,000 walipewa uraia wa Tanzania. Walikuwa wameishi barua ya Yeremia. Je, katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo mgeni anapewa zamu ya kuongoza sala na kupokea Jumuiya nyumbani kwake, au tunamwachia kiti cha nyuma, miaka nenda miaka rudi?

Wapendwa wasikilizaji, neno letu “parokia” tulilipokea kutoka lugha ya Kigiriki. Asili yake ni paroikia, yaani kukaa ugenini, kuishi kando ya nyumba za watu. Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, anawaita Wakristo kwa neno la jamii hiyo hiyo: wapitaji na wageni. Kila mara tunaposema “parokia yangu”, tunakiri bila kujua kwamba sote tumepanga hapa duniani, na nyumba yetu ya kudumu iko kwa Baba. Lakini anayeelekea kwa Baba haachi kufagia ngazi. Bwana wetu mwenyewe alikuja kwake ugenini, akakaa kwetu, na usiku wa mwisho alijifunga kitambaa kiunoni akatuosha miguu.

Basi, juma hili, aliye ughaibuni abishe hodi kwa jirani mmoja na kumwuliza jina lake. Aliye nyumbani amwombee ndugu yake pamoja na mtaa anaokaa. Katekista amwandalie anayesafiri cheti chake cha ubatizo, na kumwagiza aitafute parokia yake mpya Jumapili ya kwanza, kabla ya kitu kingine.

Na baraka ya Mungu Mwenyezi, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, iwashukie ninyi nyote, mlio karibu na mlio mbali, na ikae nanyi daima. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo.